Kemba ya bei nafuu haipatikani kwa kukata springi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu watu wanaoanza mbio za magari za ridhaa. Makala ile ilikuwa na mengi mazuri, hasa pale iliposisitiza kwamba dereva ajifunze kuendesha kabla ya kuongeza nguvu za injini, lakini kulikuwa na aya moja iliyonikosesha raha. Mwandishi alieleza kwamba mtu asiyeweza kununua mabamba ya kemba, yaani vyuma vinavyofungwa juu ya shokapu ili kichwa chake kisogezwe, anaweza kupata kemba ile ile kwa kukata springi duru moja au mbili, gari likae chini na magurudumu yajilaze yenyewe. Nimeshiriki mbio hizo kwa misimu kadhaa nikitumia gari la kawaida la familia, na kazi zote za chini ya gari huzifanya kwa mikono yangu, kwa hiyo nafahamu jinsi ushauri wa namna hiyo unavyomvutia mtu mwenye mfuko mdogo. Nafahamu pia unamfikisha wapi, na ndiyo sababu sikuweza kunyamaza.

Kwa wasomaji ambao neno hili ni geni kwao, kemba ni mlalo wa gurudumu linapotazamwa kutoka mbele ya gari. Sehemu ya juu ya tairi ikiegemea ndani, kuelekea injini, kemba huitwa hasi, na ikiegemea nje huitwa chanya. Gari la barabarani hutoka kiwandani likiwa na kemba ya mbele isiyo mbali na sifuri, mara nyingi kati ya sifuri na digrii 1 hasi, kwa kuwa mtengenezaji anafikiria matairi yatakayodumu na dereva atakayekwenda kona kwa upole. Katika mashindano mambo hugeuka. Gari linapoingia kona kwa kasi, bodi huinama upande wa nje, na mlalo huo wa bodi huhamia kwenye gurudumu la nje, ambalo ndilo linalobeba mzigo mkubwa wakati huo. Tairi nalo hujikunja kwenye bega lake la nje. Kama gurudumu lilianza likiwa wima, katikati ya kona litakuwa limesimama kwenye ukingo wake wa nje, na upana mwingine wa mpira ambao mwenye gari ameulipia hautagusa lami ipasavyo. Kemba hasi huwekwa ili tairi liwe limelala vibaya likiwa limesimama na likae vizuri pale linapohitajika, yaani ndani ya kona.

Tatizo hili ni kubwa zaidi katika magari yenye shokapu za MacPherson, mfumo uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson na ambao Ford waliutumia kwenye gari lao la Consul lililoonyeshwa London mwaka 1950. Ni mfumo rahisi, mwepesi na wa gharama ndogo, na leo uko chini ya magari mengi madogo ambayo wanamichezo wa ridhaa huyatumia. Udhaifu wake ni kwamba shokapu yenyewe ndiyo nguzo inayoliongoza gurudumu, kwa hiyo gurudumu linapopanda kwa sababu ya mzigo halipati kemba hasi ya kutosha kufidia mlalo wa bodi. Kinachokosekana ndani ya kona lazima kiwekwe mapema, gari likiwa limesimama. Hapo ndipo watu hufikia digrii 2.5 hadi 3.5 hasi kwa mbele, na wala si kwa ajili ya mapambo.

Sasa nirudi kwenye springi zilizokatwa. Ni kweli kwamba gari la MacPherson likishushwa kidogo kemba hasi huongezeka kidogo. Makala haikusema kinachofuata. Mkono wa chini, ule unaounganisha gurudumu na fremu, huwa umeinamia nje kiasi gari linapokaa kwenye urefu wake wa kawaida. Likishushwa, mkono huo huinuka, na ukishapita pembe mraba kati yake na shokapu, kila milimita ambayo gurudumu linapanda huvuta sehemu ya chini ya gurudumu kuelekea ndani, na kemba hurudi upande wa chanya pale pale ambapo dereva anaihitaji iwe hasi. Zaidi ya hayo, kitovu ambacho bodi huinamia hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari, kwa hiyo nguvu inayoinamisha bodi hupata wenzo mrefu zaidi. Mtu amekata springi ili apate kemba, na amejinunulia mlalo zaidi utakaoimeza kemba hiyo. Springi iliyokatwa huwa ngumu kuliko ilivyokuwa, hilo nalikubali, lakini ncha yake haikai tena vizuri kwenye kitako chake, inaweza kulegea gurudumu linaponing'inia, na shokapu hubaki na safari fupi kiasi kwamba hugonga mpira wake wa mwisho katikati ya kona. Shokapu ikigonga, gurudumu hilo hupokea mzigo wote kwa ghafla na mshiko hukatika bila onyo. Huu ndio ushauri aliopewa mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye njia ya mashindano hata mara moja.

Ninachotaka kusema ni hiki: gari lake tayari lina sehemu ya kemba anayoitafuta, bila malipo yoyote, na inayobaki inapatikana kwa boliti mbili. Kinachohitaji uangalifu mkubwa ni kukaza na kupima.

Nianze na ile ya bure. Katika magari mengi ya MacPherson, shokapu hufungwa kwenye chuma kinachobeba gurudumu kwa boliti mbili nene, moja juu ya nyingine. Matundu ya boliti hizo ni mapana kidogo kuliko boliti zenyewe, kwa kuwa kiwanda kinahitaji nafasi ya kuunganisha gari kwa haraka. Inua gari kwa jeki, liegemeze kwenye stendi imara, toa gurudumu, legeza nati zote mbili, kisha sukuma sehemu ya juu ya kibeba-gurudumu kuelekea ndani kwa nguvu zako zote na uishikilie hapo huku mwenzako akikaza. Mara nyingi utapata kama nusu digrii, wakati mwingine pungufu ya hapo. Ukienda juu, kwenye nati zinazoshika kitako cha shokapu ndani ya boneti, huko nako kuna uhuru kidogo wa kusogeza. BMW za toleo la E46 ni mfano mzuri wa jambo hili: kitako cha juu kina pini ndogo ya kuongoza inayokizuia kisisogee, na pini hiyo ikiondolewa kitako huteleza kuelekea ndani kwenye matundu marefu yaliyopo tayari kwenye bodi. Hakuna kilichonunuliwa, na kemba hasi imeongezeka kwa kiasi kinachoonekana wazi kwenye kipimo. Hata fremu ndogo ya mbele inayobeba mikono ya chini inaweza kusogezwa kidogo kushoto au kulia kabla ya kukazwa. Hiyo haiongezi kemba ya gari zima, kwani inachokipa upande mmoja hukinyang'anya upande wa pili, lakini husaidia sana pale ambapo gurudumu la kushoto na la kulia hayalingani.

Baada ya hapo ndipo zinakuja boliti za kemba. Kwa kawaida boliti moja ya asili, tuseme ya milimita 14, hutolewa na kuwekwa nyingine nyembamba ya milimita 12, ambayo katikati ina uvimbe wa upande mmoja unaosukuma kibeba-gurudumu ukiizungusha. Naomba wasomaji wanivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu ndani yake ndimo yalimo mambo yote, mazuri na ya hatari. Boliti mbili za shokapu huwa ziko mbali kwa kiasi cha milimita 60 hivi. Kwa umbali huo, kusogeza tundu la juu kwa milimita 1 tu hubadilisha kemba kwa karibu digrii 1. Boliti ya milimita 12 ndani ya tundu la 14 inaweza kusogea milimita 1 kila upande kutoka katikati, kwa hiyo boliti moja huleta karibu digrii 1, na ukiongeza nusu digrii ile ya bure pamoja na ile ya kiwandani, unajikuta umekwishakaribia digrii 2 hasi kwa gharama ambayo ni sehemu ndogo sana ya bei ya tairi moja la mashindano.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayotisha. Ikiwa milimita 1 inaleta digrii 1, basi boliti ikiteleza kwa milimita 1 digrii hiyo imekwenda. Na boliti nyembamba hubana kidogo: eneo la chuma linalovutwa katika boliti ya milimita 12 ni pungufu kwa zaidi ya robo kuliko lile la milimita 14, hivyo kwa daraja moja la chuma nguvu ya kubana nayo hupungua kwa kiasi hicho. Watu wengi hudhani kwamba boliti ndiyo inayozuia kibeba-gurudumu kisisogee, kama msumari unavyoshika ubao. Sivyo. Kinachozuia ni msuguano wa nyuso mbili za chuma zilizobanwa pamoja, na kazi ya boliti ni kubana tu. Uso wenye rangi, grisi au kutu hauna msuguano wa kutegemewa, hata ukikaza hadi mkono uume.

Hili nililijifunza mwenyewe. Katika msimu wangu wa pili niliweka boliti za kemba kwenye shokapu mpya zilizokuwa zimepakwa rangi nzuri nyeusi, nikakaza vizuri kwa kufuata kitabu cha gari, na asubuhi ile gari lilikuwa likigeuka kwa namna ambayo sikuwahi kuijua. Kwenye mzunguko wa tano nilipanda ukingo wa njia kwa gurudumu la kushoto, na kuanzia hapo usukani ulikuwa umepinda huku gari likivuta upande mmoja kila nilipokanyaga breki. Nilipopima baadaye, upande wa kulia ulikuwa bado na digrii 2 hasi na wa kushoto ulikuwa umebaki na chini ya digrii 1. Rangi ilikuwa imesagika kati ya vyuma na kuacha nafasi. Hakuna aliyeumia, lakini ningekuwa kwenye sehemu ya kasi zaidi nisingeandika barua hii kwa utulivu nilio nao.

Tangu siku hiyo nina utaratibu ambao siuvunji. Nyuso zote zinazogusana nazikwangua hadi chuma kitupu kionekane, na nazifuta mafuta. Boliti ya asili, ile nene, naiacha kwenye tundu moja na ndiyo ninayoitegemea kubana, wakati boliti ya kemba kazi yake kubwa ni kuweka mahali. Nati natumia mpya kila mara, na boliti ambazo mtengenezaji anasema zisirudiwe hazirudiwi. Nakaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu, na hapa wengi hukosea: boliti ya milimita 12 ina kipimo chake ambacho ni kidogo sana kuliko kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari kwa ajili ya boliti ya 14, na ukiikaza kwa kipimo cha boliti nene utaivuta hadi ipoteze uwezo wake, hata kama haijakatika mbele ya macho yako. Mwisho nachora mstari wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kwenye shokapu hadi kwenye kibeba-gurudumu. Mstari ukikatika, najua kwa kutupa jicho tu kwamba kuna kitu kimeteleza, na gari haliingii tena njiani hadi nijue kwa nini.

Wapo wanaochagua kurefusha tundu la juu la shokapu kwa tupa badala ya kununua boliti. Faida yake ni kwamba unabaki na boliti nene na nguvu yake yote ya kubana, na mimi binafsi naona ni njia inayostahili heshima kuliko inayopewa. Lakini tundu refu halina kitu cha kushikilia kama msuguano ukishindwa, kwa hiyo litaingia mchezo wote ulioutengeneza kwa tupa. Tupa iende polepole, washa nene na ngumu iwekwe kila upande, na mtu asithubutu kuchomelea chochote kwenye mwili wa shokapu, kwa sababu ndani yake mna mafuta na mara nyingi gesi yenye shinikizo. Kibeba-gurudumu nacho kisiguswe na tupa.

Mabamba ya kemba siyapingi. Yenyewe husogeza sehemu ya juu kabisa ya shokapu, ambako umbali hadi kwenye boljointi ya chini, yaani kiungo kati ya mkono wa chini na kibeba-gurudumu, unaweza kuwa milimita 600 au zaidi, hivyo digrii 1 huhitaji kusogea zaidi ya milimita 10, na kuteleza kwa milimita 1 hakupotezi hata digrii ya kuzungumzia. Pia hayasogezi tairi karibu na springi, jambo ambalo boliti za chini hulifanya, na mwenye rimu pana anaweza kujikuta tairi linasugua shokapu kabla hajapata kemba anayoitaka. Kwa anayehitaji digrii 3 na zaidi, na ambaye kanuni zinamruhusu, huo ndio ununuzi sahihi. Nasema tu kwamba usiwe ununuzi wa kwanza, na kwamba mtu asikate springi kwa kuukosa.

Kuhusu mifumo mingine nitapita haraka. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ina boliti zenye uvimbe kwenye mikono ya chini ya magurudumu yote manne kutoka kiwandani, kwa hiyo mwenye gari hilo anahitaji spana na subira tu. Honda Civic za mwaka 1988 hadi 2000 zina mikono miwili kwa mbele, juu na chini, na hazikuwekewa marekebisho ya kemba, lakini kwa kuwa mkono wa juu ni mfupi, gurudumu hupata kemba hasi lenyewe linapopanda, na hivyo halihitaji mlalo mkubwa likiwa limesimama. Kwa nyuma, magari mengi yanayovuta kwa magurudumu ya mbele yana ekseli ya kipande kimoja, na huko kemba hubadilishwa kwa vipande vyembamba vya chuma vyenye umbo la kabari kati ya ekseli na kitovu cha gurudumu. Mara nyingi nyuma pasiguswe kabla ya mbele kuwa sawa.

Sasa kipimo, ambacho makala ile haikukitaja hata kwa neno moja. Niliwahi kupeleka gari kwenye karakana ya alaimenti nikaambiwa kwamba gari la aina hiyo halirekebishiki kemba, na nikapewa karatasi yenye alama za kijani na nyekundu bila maelezo. Tangu hapo napima mwenyewe, kwa vifaa ambavyo fundi mwashi anavijua: timazi, pimamaji na rula ya chuma. Kwanza sakafu iwe sawa, au ifanywe sawa. Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ule ambao waashi hutumia kuhamisha usawa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, utakuonyesha ni gurudumu lipi limesimama pa chini, na utaweka vipande vya vigae au mbao nyembamba chini yake hadi yote manne yawe kwenye usawa mmoja. Upepo wa matairi ulingane kushoto na kulia, na uzito unaolingana na wa dereva uwekwe kwenye kiti chake. Gari likishushwa kutoka kwenye jeki magurudumu huwa yamejibana ndani kwa chini na hayatoi kipimo cha kweli, kwa hiyo lisukume mbele na nyuma mita chache na ulibonyeze mara kadhaa ili likae.

Kisha ning'iniza timazi mbele ya gurudumu, uzi upite katikati ya rimu bila kugusa chochote, na upime umbali kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa juu wa rimu na kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa chini. Kwenye rimu ambayo vipimo hivyo viwili viko mbali kwa milimita 400, tofauti ya milimita 7 ni digrii 1. Milimita 14 ni digrii 2, na milimita 21 ni digrii 3. Kwa rula ya chuma na macho matulivu mtu anaweza kusoma nusu milimita, ambayo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii, na hiyo inamtosha kabisa mshindani wa ridhaa. Pima, sukuma gari gurudumu lizunguke nusu duara, pima tena na uchukue wastani, kwa sababu rimu ikiwa imepinda kidogo itakudanganya. Simu nyingi leo zina programu ya kupima mlalo na inafanya kazi vizuri ikiwekwa kwenye ubao ulionyooka unaogusa kingo mbili za rimu, mradi kwanza uhakikishe kwamba simu hiyo inasoma sifuri kwenye kitu kilicho wima kwa hakika.

Kila unapogusa kemba, unagusa na tou, yaani jinsi magurudumu mawili ya mbele yanavyotazamana yakiangaliwa kutoka juu. Kibeba-gurudumu kikiinama ndani, tairodi, yaani fito inayotoka kwenye usukani kuligeuza gurudumu, haibadilishi urefu wake, kwa hiyo hulisukuma au kulivuta gurudumu ligeuke. Mwelekeo wa mabadiliko hutegemea kama tairodi iko mbele au nyuma ya ekseli, na hakuna haja ya kubahatisha, kwa kuwa nyuzi mbili zilizonyooshwa sambamba kila upande wa gari juu ya stendi nne zitakupa jibu kwa rula ile ile. Ninasisitiza hili kwa sababu kemba husingiziwa makosa ya tou. Gari lenye digrii 2.5 hasi na tou ya sifuri linaweza kutumika barabarani kwa muda mrefu likila tairi kwa upande wa ndani taratibu, wakati gari lile lile likiachwa na magurudumu yanayotazama nje litamaliza ukingo wa ndani wa tairi upesi mno, na mwenye gari atakwenda kuilaumu kemba na kuirudisha ilikokuwa.

Kiasi gani kinatosha, tairi lenyewe litasema. Paka chaki kwenye bega la tairi kutoka kwenye mifereji hadi ubavuni, endesha mizunguko michache kwa nguvu, kisha uangalie imefutika hadi wapi. Ikifutika hadi ubavuni, tairi linajikunja, na ama upepo ni mdogo ama kemba haitoshi. Mwenye kipimajoto cha sindano apime mpira ndani, katikati na nje mara tu gari linaposimama, kwa kuwa uso wa tairi hupoa haraka mno. Upande wa ndani ukiwa na joto kidogo kuliko wa nje hakuna ubaya, kwani kwenye sehemu zilizonyooka ndio unaobeba gari. Upande wa nje ukiwa wa moto kuliko wa ndani, kemba bado haijatosha. Na upande wa ndani ukiwa wa moto sana huku wa nje ukiwa hauna kazi, umepita kiasi, na utaliona hilo hata kwenye breki, ambapo gari litahitaji umbali mrefu zaidi kusimama kwa sababu limesimama kwenye ukingo mwembamba wa mpira. Badilisha nusu digrii kwa mara moja, na andika kila namba kwenye daftari.

Nina neno pia kwa waandaaji wa mashindano, ambao naamini wanasoma gazeti hili. Baadhi ya madaraja ya wanaoanza hukataza boliti za kemba kwa nia njema ya kulinda mifuko ya washiriki. Matokeo yake ni kwamba gari lenye kemba sifuri hula bega la nje la matairi ya mbele kwa siku moja, na mshiriki hulipia matairi mara nyingi kuliko ambavyo angelipia boliti mbili. Kanuni ikiruhusu boliti za kemba na matumizi ya nafasi iliyopo kiwandani, huku ikiendelea kukataza mabamba, itapunguza gharama. Wakaguzi nao wangefanya vyema kuangalia mstari wa rangi kwenye boliti za shokapu kama wanavyoangalia nati za magurudumu.

Kwako Mhariri, ombi langu ni dogo. Aya ile ya kukata springi isahihishwe katika toleo lijalo, kabla msimu mpya haujaanza, kwa kuwa yupo kijana ambaye tayari ameishika gazeti mkono mmoja na msumeno mkono wa pili. Kama mtakubali kuchapisha picha, ninayo ya shokapu yangu ya kushoto jinsi ilivyokuwa siku ile boliti ilipoteleza, rangi imesagika na alama ya kuteleza inaonekana wazi, na nitaileta ofisini kwenu mtakaponiambia.

Wako,
Msomaji na mshiriki wa mbio za magari za ridhaa